Kijiji chenu kilianza lini? Maswali ya wasomaji kuhusu mahame, karanga na mwaka wa yanga

Mbukwenyi wasomaji wangu. Barua za mwezi huu zimenikuta nikiwa nyumbani Ugogo, na karibu zote zinauliza habari za tulikotoka. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida yangu kwa sababu imenigusa, na mhariri amekubali kunipa nafasi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, kwa sasa naishi Dar es Salaam. Kijiji kimejenga ofisi mpya na wameniomba niandike historia fupi ya kubandika ukutani. Mwenyekiti ameniambia nianze hivi: "Kijiji chetu kilianzishwa mwaka 1971." Bibi aliposikia alikasirika sana. Anasema yeye aliolewa hapo kabla ya mwaka huo, na mama mkwe wake kazikwa hapo. Nani niandike maneno yake?

Marahaba mwanangu. Andika ya wote wawili, lakini uanze na bibi.

Mwaka 1971 alioutaja mwenyekiti haukuzuka hewani. Ndio mwaka wa Operesheni Dodoma. Wagogo walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, tembe moja hapa, nyingine ng'ambo ya korongo, kila kaya na zizi lake na mashamba yake. Serikali ikaamua kuwakusanya kwenye vijiji vya ujamaa ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Sheria ya kuvisajili vijiji ilikuja 1975, nayo ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kwa hiyo mwenyekiti akifungua kabati la ofisi, karatasi kongwe kuliko zote atakayoikuta ni ya miaka hiyo, naye anadhani kijiji kilizaliwa siku moja na karatasi.

Mimi nilihama mwaka huo huo wa 1971, nikiwa na miaka minane. Tembe yetu ilikuwa na paa bapa la udongo. Wakati wa mavuno sisi watoto ndio tuliopandishwa juu kuanika uwele na kufukuza ndege. Lori lilikuja asubuhi. Kitu cha kwanza mama alichopakia kilikuwa jiwe la kusagia, mama na mwana. Dereva akalalamika kwamba mawe yako kila mahali, ya nini kulitesa gari. Mama hakumjibu. Alikaa juu ya jiwe lile njia nzima, akiwa amempakata mdogo wangu.

Babu alikataa kupanda. Alibaki siku nne kwenye nyumba iliyokwisha kung'olewa nguzo, yeye na mbwa wake, mpaka baba alipomfuata kwa miguu. Alipofika kijijini akakuta viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mstari. Mzee aliyezoea kuamka akaliona zizi lake kutoka mlangoni, sasa alipofungua mlango aliutazama mlango wa mtu asiyemfahamu. Hakulisema sana jambo hilo. Lakini kila baada ya siku chache aliondoka alfajiri bila kuaga, akarudi jioni na miguu yenye vumbi jekundu, na sisi tukajua alikuwa mahameni, kule tulikohama.

Siwalaumu waliotuhamisha, na wewe usiandike kwa hasira. Kijiji kile kilinipa shule umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani. Bila shule ile nisingeshika chaki. Mama alijifungua wadogo zangu wawili wa mwisho kwenye zahanati. Lakini andika pia kwamba mashamba yalibaki mbali, watu wakawa wanatembea saa mbili kwenda kupalilia. Andika kwamba ng'ombe wote walichungwa kukizunguka kijiji kimoja, na baada ya misimu michache ardhi ya karibu ikabaki vumbi tupu. Kijana atakayesimama mbele ya ukuta ule miaka 50 ijayo anastahili kuyajua yote mawili.

Sasa, uanzie wapi? Anzia mahameni. Nenda na bibi, kwa miguu kama anaweza, kwa pikipiki kama hawezi, mwezi wa nane au wa tisa nyasi zikiwa zimelala. Mahame hayajifichi kwa mtu anayejua kutazama. Utaona minyaa iliyopandwa mstari wakati hakuna nyumba yoyote karibu: hapo palikuwa na uzio. Utaona mahali udongo ni mweusi kuliko kote, na yeyote anayelima hapo anapata mavuno mazuri: hapo palikuwa na zizi, na unachokiona ni samadi ya miaka mingi. Utakuta vigae vya vyungu na mawe ya kusagia yaliyolika katikati kama bakuli. Tazama mibuyu. Kwenye shina la mbuyu ambao watu waliukwea kufuata asali na ubuyu utaona vigingi vya miti vilivyopigwa kama ngazi, au makovu ya mahali vilipokuwa. Kila mbuyu mkubwa una jina la mtu au la tukio. Muulize bibi jina hilo, uliandike kwa Kigogo kama anavyolitamka, ndipo utafsiri.

Ukifika kaburini kwa mama mkwe wake, funga daftari. Muache kwanza afanye yake.

Nikupe siri moja ya kazi hii. Wazee wa kiume watakupa majina ya watemi, mipaka ya ukoo na nani alikuwa na mawe ya mvua, yale ya kuombea mvua, na hayo yana thamani. Lakini wanawake wengi waliingia kijijini kwa ndoa, na mtu aliyeingia mahali akiwa mkubwa hukumbuka alikuta nini: kisima kipi kilikuwa kimechimbwa na kipi hakikuwapo, nani alikuwa hai, njia ilipita wapi. Waombe pia wakuimbie. Wanawake wa Kigogo wanapoziweka ngoma za muheme katikati ya magoti na kupiga, ndani ya nyimbo mna majina ya watu, aibu za watu, njaa, harusi na magomvi ambayo hakuna mtendaji aliyeyaandika. Mimi nimewahi kupata jina la kisima kilichosahaulika kutoka kwenye wimbo wa mama mmoja aliyekuwa hajui kwamba kisima hicho kiliwahi kuwapo kweli.

Kisha muulize bibi juu ya Mtunya. Yeye hakuiona, lakini mama mkwe wake bila shaka alimsimulia. Mtunya ni njaa kubwa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1917. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, vihenge vilikuwa vimekwisha kukombwa. Watu walikufa, walihama, wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula. Familia nyingi za Ugogo zilifika mahali zilipo leo kwa sababu ya mwaka ule. Ikiwa ukoo wenu una ndugu Ukaguru au Uhehe ambao hakuna anayejua uhusiano ulianza vipi, uliza hapo hapo.

Sentensi ya kwanza ya ukutani, kama ningekuwa wewe, ingetaja jina la mahame makubwa kuliko yote yanayokizunguka kijiji na ukoo uliokaa pale. Mwaka 1971 uuweke kwenye sentensi ya tatu au ya nne, uuite jina lake: mwaka wa kuhamia. Kabla ya kubandika, isome kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Watakusahihisha. Peleka nakala shuleni pia, maana ukuta hupakwa rangi upya.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nimehamishiwa kufundisha shule ya msingi Kongwa nikitokea Kilosa. Wanafunzi walichimba shimo la taka wakakuta mnyororo mzito wa chuma, kila pete kubwa kama kiganja. Mlinzi wa shule akasema "hiyo ya Karanga" na kuondoka zake. Karanga ni nani?

Salama, mwalimu mwenzangu, na karibu Kongwa. Karanga ni karanga hizi hizi tunazotafuna.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuangalia uwezekano wa kulima karanga Afrika Mashariki na ya Kati. Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndiko walikoanzia, mwaka 1947.

Mnyororo wenu huenda ndio ule wa kung'olea miti. Walifunga mnyororo mzito, kama wa nanga ya meli, kati ya matingatinga mawili, yakatembea sambamba na kuangusha pori lote lililokuwa katikati. Matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita vya aina ya Sherman. Matrekta hayo yakaitwa Shervick. Pori la Kongwa liliyashinda. Mibuyu iligoma kung'oka, nyuki waliwatoa watu mbio, vipuri vikachelewa njiani. Na hata pale walipofaulu kufyeka, udongo wa kule ukikauka unakuwa kama saruji: karanga zimezaa vizuri chini, lakini hazichimbuliki. Mvua nayo ni ya msimu mmoja, tena haina ahadi. Mpango ulivunjwa mwanzoni mwa 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36.

Linaloniuma katika habari hii, kila ninapoifundisha, ni kwamba palikuwa na watu. Wagogo walikuwa wakilima uwele na mtama pale kwa vizazi, wakijua bonde lipi hushika maji na mbuga ipi hupasuka Juni. Baba yangu alikuwa kibarua wa Karanga akiwa kijana. Alisema wazee walikuwa wakikaa chini ya mti wakitazama matingatinga, na hakuna mtu aliyekwenda kuwauliza mvua ya mwaka jana ilinyesha siku ngapi.

Kongwa haikurudi kuwa kama zamani. Vibarua walitoka pande nyingi za Tanganyika, wengine wakabaki. Majengo yaliyoachwa yalitumika kwa shule ya watoto wa Kizungu. Baada ya uhuru, kuanzia 1964, Kongwa ikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Samora Machel na Sam Nujoma ni miongoni mwa waliokanyaga vumbi lile. Wapiganaji waliishi jirani na wenyeji, na wapo wana wa Kongwa ambao baba zao walitoka huko.

Kwa hiyo, mwalimu, usiuruhusu mnyororo huo uende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Watakuja, na bei watakayotaja itamtia mtu tamaa. Uwekeni kwenye zege dogo mbele ya ofisi, na darasa la sita waandike kibao. Halafu mrudie yule mlinzi kwa utulivu, mchukulie kiti. Mtu anayesema "hiyo ya Karanga" na kuondoka ana mengine.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima wa Mpwapwa, miaka 52. Babu yangu alikuwa na mahame yenye ardhi nzuri, alihamishwa wakati wa operesheni. Eneo hilo leo liko ndani ya kijiji cha jirani na linalimwa na mtu ambaye baba yake aligawiwa wakati ule ule. Makaburi ya babu na bibi yamo humo. Nataka kwenda kulidai. Nina haki?

Ndugu yangu, nitakuambia ukweli ingawa hautakufurahisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilililenga jambo hili moja kwa moja. Inasema kwamba ardhi iliyogawiwa kwa watu waliohamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 inahesabika kuwa imegawiwa kihalali, hata kama wakati ule ugawaji wenyewe haukufuata sheria, na haki za zamani juu ya ardhi hiyo zimekoma. Bunge liliona kwamba kila mtu akirudi kudai mahame ya babu yake, hakuna kijiji kitakachobaki kimesimama. Nawe fikiria: kiwanja unachokaa sasa kilikuwa mahame ya nani?

Kwa hiyo usiende na panga, wala usianze na wakili. Lakini makaburi ni jambo jingine, na hapo usikubali kunyamaza. Nenda kwa mlimaji huyo ukiwa na mzee mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake. Omba mambo mawili: sehemu ya makaburi isiguswe na jembe, na njia ya kuingia siku mnapotaka kutambika. Mkikubaliana, mwandike na mpeleke nakala kwenye halmashauri ya kijiji chao. Mkishindwana, kila kijiji kinatakiwa kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, jambo hupanda kata na hatimaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini huko ni nauli, ni siku za kazi zinazopotea, na ni uadui mtakaowaachia watoto.

Mimi nilifanya hivyo kwa kaburi la babu yangu, yule aliyekataa kupanda lori. Aliomba azikwe mahameni, na tulimzika huko. Anayelima pale leo ameacha kipande cha hatua kumi kwa kumi na amepanda mnyaa kuzunguka bila kuombwa. Kila mwaka baada ya mavuno nampelekea debe la uwele.

SWALI: Shikamoo babu Mwalimu. Nataka kumwandikishia mama yangu mkubwa kitambulisho cha Taifa. Hana cheti cha kuzaliwa wala cha shule, na hajui umri wake. Anachojua ni kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa "mwaka wa yanga". Huo ni mwaka gani?

Marahaba mjukuu wangu. Yanga ni unga wa mahindi ya njano yaliyoletwa wakati wa njaa, mengi yakitoka Marekani, na watu wakayapa jina kwa rangi ya jezi ya klabu ya Yanga. Tatizo lako ni kwamba yaliliwa zaidi ya mara moja. Watu wengi wakisema hivyo wanamaanisha ukame wa 1974, lakini wengine wanamaanisha miaka ya mwanzo ya themanini. Tofauti ya miaka kumi ni kubwa kwa fomu ya serikali, na ni kubwa zaidi kwa mama yako mkubwa.

Usimuulize mwaka. Muulize mambo yaliyokuwa yakiendelea akiwa na mimba ile. Walikuwa wamekwisha kuhamia kijijini, au bado wako kwenye tembe? Kile choo cha kwanza, kilichochimbwa wakati redio ikihimiza kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, kilikuwa kipya au kilikuwa kimekwisha kujaa? Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi kutoka Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979? Mtoto alikuwa tumboni, mgongoni au anatembea siku redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984? Siku hiyo haisahauliki. Mimi nilikuwa naandika ubaoni mwalimu mkuu alipoingia bila kubisha.

Ukishapata mwaka wa mtoto, muulize aliolewa mvua ngapi kabla ya hapo, na alichezwa unyago mvua ngapi kabla ya kuolewa. Kata kutoka hapo. Mlete na jirani wa rika lake akae naye, kisha uwapikie ugali na mlenda na uwaache wabishane. Wakianza kutaja foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, andika themanini na kitu. Wakitaja lori, nguzo za tembe zilizofungwa juu yake na mtoto aliyelia kwa kuachwa kwa mbwa, andika sabini na nne au nyuma kidogo, na uniandikie tena unieleze walisema nini kuhusu mbwa.